Mtangazaji wa Mabasi Aliyekufa Mara Arobaini na Moja

Kituoni walimwita Bwana Subira, na jina hilo alilipata kazini. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikaa katika kibanda cha vioo juu ya ofisi ya tiketi, feni ikimpulizia kisogoni, akibonyeza kitufe cha kipaza sauti na kusema, "Abiria mnaombwa kuwa na subira. Basi la saa nne limechelewa kidogo." Hiyo "kidogo" ingeweza kuwa robo saa, ingeweza kuwa mpaka jioni, lakini ikitoka kinywani mwake watu walikaa juu ya mizigo yao wakangoja. Alikuwa na sauti, jamani! Nzito, tulivu, haina haraka na mtu. Watu waliokuwa wakigombania kiti waliachiana mashati wakaisikiliza.

Nyumbani sauti hiyo haikuwa na kazi. Nyumbani alitawala mama yake, kibibi kifupi kilichokula chumvi nyingi, na ulimi wake ulikuwa haujazeeka hata kidogo. Bwana Subira alikuwa na miaka arobaini na tisa, hajaoa, na mama alikuwa bado hajakata tamaa. Kila jioni alimuuliza, "Katika abiria wote hao, hata mmoja?" Naye alijibu kwamba abiria huja kituoni ili waondoke, kisha akaenda kuosha vyombo.

Haya. Sasa njoo kwenye ile gemu.

Ilikuwa gemu ya vita, ya kufyatua risasi, yenye jina refu la kigeni ambalo watu walishindwa kulitamka, wakaiita Kikosi tu. Kabla haijatoka ilikuwa imeshagombanisha watu. Redioni daktari mmoja alisema inaharibu ubongo, mwenzake akasema inaunoa, wakatupiana maneno hadi mtangazaji akaweka muziki. Mheshimiwa mmoja alitaka ipigwe marufuku, na alipoulizwa kama ameiona, akasema hana muda wa upuuzi, ameisoma gazetini. Wahubiri waliisema na walimu walipekua mikoba. Na kadiri walivyoisema, ndivyo foleni ilivyozidi kurefuka mbele ya chumba cha michezo cha Kamanda.

Kamanda alikuwa mwanamke mnene mwenye kucha nyekundu ndefu. Zamani chumba hicho kilikuwa saluni yake. Aliuza mashine za kukaushia nywele, akanunua televisheni nane, na viti vya saluni akavibakiza. Basi ukiingia ungewakuta mafundi, makarani na wanafunzi wa chuo wameketi kwenye viti vya kuoshea nywele, wakipigana vita kwa vidole. Na hakuna aliyeweza kumshinda mwenyewe, pamoja na kucha zake zote.

Siku ya pili baada ya Kikosi kutoka, Kamanda alifika sehemu ambayo hakuna mtu mtaani aliyekuwa ameifikia. Wanajeshi wa kigeni wanaingia katika mji wenye jua kali na kuta zilizobomoka, na maadui wanaotokea humo wanapiga kelele kwa Kiswahili. Chumba kizima kilisimama. Kiswahili! Kamanda akamlenga adui aliyejificha nyuma ya tangi la maji, akamchapa risasi mbili. Yule adui akashika kifua, akapiga magoti, na kabla ya kukata roho akasema, kwa sauti nzito, tulivu, isiyo na haraka na mtu, "Abiria mnaombwa kuwa na subira."

Lo! Watu walianguka kutoka kwenye viti. Karani mmoja alicheka hadi akatolewa nje kupepewa.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka miwili nyuma, mgeni mmoja aliyekwama kituoni kwa sababu ya hiyo "kidogo" aliisikia sauti, akapanda ngazi, akamwambia Bwana Subira kuna kazi ya nusu siku: kurekodi sauti za askari kwenye gemu. Alikwenda siku yake ya mapumziko. Kilikuwa chumba kidogo juu ya duka la magodoro, kuta zimebandikwa sponji, wageni wawili upande wa pili wa kioo, na mkalimani. Mkalimani alimpa karatasi yenye sentensi tisa, "Adui huyo!", "Rudini nyuma!", "Nimepigwa!" na kadhalika, kisha akasema anakwenda kula mara moja. Mpaka leo hajarudi.

Sentensi tisa zikaisha kwa dakika kumi. Wageni wakamwonyesha kwa vidole: bado, bado, kufa tena. Akafa tena. Wakampungia: tena, namna nyingine! Sasa wewe niambie, mtu ambaye hajawahi kumgombeza hata paka atatoa wapi maneno ya vitani? Alitafuta kichwani, akakuta yale tu aliyokuwa nayo kwa miaka ishirini. Akayasema kwa uchungu, akijishika tumbo, huku akiyumba. Wale wageni, ambao Kiswahili hawakujua hata cha kuombea maji, walimpigia makofi kwa kila kifo. Alikufa mara arobaini na moja. Walimlipa, akashuka ngazi, akamnunulia mama godoro, akasahau.

Basi mji ulipopata habari, kazi yake iliharibika mchana kweupe. Alikuwa akisema "Abiria mnaombwa," nusu ya vijana walioko kituoni wanashika vifua na kujitupa sakafuni. Wazee wanawaruka na mabegi wakilaani. Siku moja basi zima liliondoka bila abiria kumi na wanne kwa sababu walikuwa wamelala chini wamekufa. Hilo ndilo lililomfikisha kwa meneja.

Meneja wa kituo alikuwa mtu mkavu, shati limenyooka, kalamu tatu mfukoni. Aliinama, akavuta kasha kubwa kutoka chini ya meza.

"Unaijua hii?"

"Hapana, bosi."

"Mashine ya kutangaza. Unaandika, yenyewe inasema. Haichoki, haiumwi, na haijawahi kuuawa na mtu." Akalirudisha kasha kwa mguu. "Jumamosi kamati ya wazazi inakutana kuhusu hiyo takataka ya gemu. Nitakuwepo. Nataka nisikie kwa masikio yangu umechukua maneno mangapi ya kituo ukayapeleka vitani. Nikitoka pale ndiyo nitajua kama Jumatatu utapanda ngazi zile au hutapanda."

Bwana Subira alishuka ngazi akihesabu vidato, vyote kumi na saba, kana kwamba ataulizwa. Ile kazi ndiyo iliyokuwa maisha yake. Bila kile kitufe angekuwa nani? Mtu mzima anayeosha vyombo.

Alipofika nyumbani mama alikuwa ameshaambiwa na watu wanne.

"Kwa hiyo wanakuua," akasema mama.

"Ni mchezo tu, mama."

"Mchezo gani wa kuua mtoto wa mtu? Na Jumamosi nakwenda."

"Mama, pale watapiga kelele, utaumwa kichwa."

"Kichwa changu mwenyewe," akasema mama, na hapo mjadala ukafungwa.

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye kengele ya mkononi ambayo aliondoka nayo siku ya kustaafu na hakuna aliyethubutu kuidai. Mama wa Bwana Subira alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Meneja alikaa nyuma yake, na kalamu zake.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alisema gemu ifungiwe, inafundisha ukatili. Akaulizwa ni nani aliyekuwa katika foleni kwa Kamanda Jumatano na mwavuli wa kijani, akakaa chini. Baba mmoja mwenye hasira akasimama. "Mimi sina neno na risasi. Neno langu ni hili: kwa nini Kiswahili kiwe cha adui? Kwa nini sisi ndio tunakufa tu? Sijamwona hata mmoja aliyeshinda!"

"Nilijaribu kuwakosa makusudi, kwa heshima," akajibu Kamanda kutoka pembeni. "Nikafa mimi."

"Lakini wanatamka vizuri," akasema fundi viatu. "Hilo lazima tuwape."

Kengele ikalia. Mwenyekiti akamwita mtuhumiwa. Bwana Subira akasimama, jasho linamtiririka, akaeleza kila kitu: mgeni, sponji, mkalimani na chakula chake. Alipofika kwenye maneno yaliyomwishia, watu walianza kukohoa ili wasicheke.

Meneja akanyoosha mkono. "Maelezo nimeyasikia. Nataka ushahidi. Vifo vyote."

Kamanda alikuwa amekuja na mitambo yake, kwa maana alijua tu watamhitaji. Picha ikawaka ukutani, mji ule wa jua kali. Akakunja vidole, akaanza kazi. Adui wa kwanza akatoka mlangoni, akapigwa, akaanguka: "Angalieni mizigo yenu." Wa pili akaviringika kwenye ngazi: "Msisukumane, nafasi zipo." Wa tatu alikuwa juu ya paa, akashuka kichwa chini: "Mama mwenye mtoto wa fulana ya njano, fika dirisha namba tatu." Ukumbi ukapasuka. Watu walishika mbavu, baba mwenye hasira akamwegemea kinyozi, mwenyekiti akajificha uso nyuma ya kengele. Hata meneja, midomo ilianza kumchezacheza, akaikaza. Alikuwa akipiga mstari kwenye daftari kwa kila neno la kituo, na mistari ilikuwa imefika ishirini na sita.

Bwana Subira hakucheka. Yeye alikuwa akihesabu vifo. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kwenye arobaini akasimama.

"Kamanda, inatosha."

"Amebaki mmoja tu, Bwana Subira."

"Huyo mwache. Tafadhali. Bosi, huyo hana neno la kituo, nakuapia."

"Hilo nitaamua mimi," akasema meneja, kalamu mkononi. "Endelea."

Ukweli ni kwamba kile kifo cha mwisho hakukiigiza. Siku ile, wageni walipomwonyesha kidole kimoja, hakuwa na maneno tena, hata ya mabasi. Alikuwa amechoka, koo limekauka. Akafumba macho akajiuliza, hivi mimi mwenyewe, kweli kweli, ningesemaje? Na kinywa kikasema chenyewe.

Ukutani adui mmoja alijitokeza nyuma ya ukuta. Kamanda akapiga, maana kidole kilikuwa kimeshazoea. Yule mtu akakaa chini taratibu, akaegemea jiwe, na sauti ile nzito, ambayo mji mzima uliijua, ikatoka nyembamba.

"Mama... Mama, njoo. Mama."

"Naam, mwanangu," akaitika mama kutoka mstari wa mbele. "Nipo."

Alikuwa ameshasimama kabla ya kujua kwamba amesimama. Kicheko kilichokuwa kimeanza huko madirishani kikakatika. Mama akatembea hadi ukutani, mkoba kwapani, ile picha ikamwangukia mwilini, akasimama katikati ya ule mji. Akamtazama yule mtu wa ukutani, kisha akageuka akamtafuta mwanawe wa kweli, akamwona amesimama kando ya kiti chake. Bwana Subira alikuwa analia, mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Nyuma ya mama, ukutani, adui mwingine akatokea mlangoni. Gemu ilikuwa imeanza upya, wale waliokufa wanarudi. Kidole cha Kamanda kilikuwa juu ya kitufe.

"Binti yangu," akasema mama, "shusha hiyo bunduki."

Kamanda akashusha mikono mapajani. Ukutani yule askari alisimama mlangoni akitazama huku na huku, kisha akapita salama kwenda zake, na mwenyekiti, aliyekuwa na barua ya malalamiko tayari imeandikwa kwa kurasa tatu, akaikunja akaikalia.

Mama akarudi polepole kuelekea kiti chake, lakini hakuketi. Alisimama mbele ya meneja.

"Wewe ndiye mkubwa wake?"

"Ndimi, mama." Na yeye akasimama. Daftari likamponyoka, hakuliokota.

"Mwanangu anaingia kazini saa ngapi Jumatatu?"

Meneja akainua macho. Ukumbi mzima ulikuwa ukimsikiliza.

"Saa kumi na moja alfajiri, mama."

"Haya," akasema mama. "Nitamwamsha."