Moyo wa Mpakani na Nyasi za Ng'ombe

Miaka ile ya elfu mbili na kitu, Kinoo, nje kidogo ya Nairobi, ilikuwa bado na mashamba nyuma ya maduka ya barabarani, na mama alikuwa na ng'ombe mmoja. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii, sina kazi, na kifua kilikuwa kikiniuma upande wa kushoto.

Mama aliniita "baba" kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Babu huyo alikufa ghafla, mkono kifuani. Nikawaza: ikiwa nimerithi jina, mbona nisirithi moyo?

Hospitali moja ya Parklands ilinipima umeme wa moyo asubuhi. Daktari angeniona saa nane, nikapewa karatasi ya kipimo niishike. Juu yake mashine ilikuwa imeandika kwa Kiingereza kwamba majibu yangu yalikuwa ya mpakani. Mtu mwingine angeenda kunywa chai. Mimi nilishuka mjini, nikaingia saiba, nikasoma habari za moyo kwenye intaneti mpaka dakika nilizolipia zikaisha. Nilipotoka nilikuwa nimeshachagua nyimbo za mazishi yangu.

Niliporudi, mama alikuwa amefika, na kofia yake ya kanisani. Daktari, Mhindi mzee mwenye Kiswahili cha Nairobi, aliitazama karatasi bila haraka.

"Mpakani si ugonjwa, kijana. Mashine imeona mistari haijaizoea. Watu wembamba kama wewe hutoa hii sana. Lakini haijui unaumwa vipi. Ukipanda ngazi, inauma?"

"Hapana. Nikigeuka kitandani."

"Baba yangu alikufa hivi hivi, daktari," mama akadakia.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Ah, alikuwa ameona vitukuu."

Daktari akacheka. "Wewe unafanya kazi gani?"

"Sifanyi kazi. Bado natafuta."

"Hafanyi?" Mama alinigeukia. "Na nyasi za ng'ombe hukatwa na nani kila asubuhi? Na kubeba?"

Kweli sikuwahi kufikiria kwamba ile ni kazi. Kazi ilikuwa ofisi ya Hurlingham na tai shingoni.

Daktari alibonyeza ubavu wangu wa kushoto. Nikapiga kelele.

Hata hivyo hakuniachilia hivyo tu. Nilitolewa damu, nikapimwa moyo tena jioni, akalinganisha karatasi mbili. Mistari ilikuwa ile ile, damu haikuwa na neno.

"Ni msuli huo, si moyo," alisema. "Pumzika. Lakini kifua kikibana, utoke jasho, ukose pumzi, usiende saiba. Kuja hapa mbio."

Tulipofika nyumbani, mama alivua kofia akachukua panga.

"Lete, mama."

"Keti, baba. Umeambiwa upumzike."

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamtazama akikata, huku ng'ombe akilia kwa kucheleweshewa chakula. Siku hizi pale pamejengwa ghorofa. Wasiwasi ukinipanda ofisini, vidole huutafuta ule ubavu vyenyewe, nami huuona mgongo wa mama ukiinama na kuinuka kwenye nyasi.