Majina Tuliyoyaita Madirisha Yakiwa Yamefungwa

Mwalimu wetu wa kusoma amefukuzwa na mwanawe wa kumzaa kutoka katika nyumba iliyo yake mwenyewe. Sababu aliyopewa ni kwamba yeye na sisi wenzake, wastaafu wa mji wa Likasi, hukutana kila Jumatano kuwaloga watoto.

Nimejaribu kuipunguzia makali sentensi hiyo nikashindwa. Basi nirudi nyuma, nieleze mambo yalivyofuatana.

Tulianza wenyewe, bila mfadhili. Parokia ilitupa darasa moja la zamani ambalo halikuwa na wanafunzi tena. Wengi wetu tulitoka kiwanda cha kuyeyusha shaba, wengine reli, wengine ualimu, na kila mwenye ujuzi aliutoa bure. Mimi nilifundisha simu: kutuma ujumbe, kuufuta, kumtambua tapeli. Mwalimu wetu huyo, mama aliyewalea watoto wadogo wa shule ya chekechea maisha yake yote, aliwafundisha kusoma wale waliofanya kazi hadi kustaafu wakitia dole gumba. Baada ya masomo tulikunywa chai, tukacheza dame, yaani drafti, kwa vifuniko vya chupa, akina mama wakafuma krosheti. Utani haukukosekana. Dereva mmoja mstaafu alipokwama kwenye herufi, mama alimwambia, "Papa, weye uliendesha kamyo mpaka Kolwezi, sasa hii 'm' ndogo inakushinda kukata kona?" Dereva alijibu kwamba barabara ya Kolwezi ilikuwa na mashimo machache kuliko hiyo 'm'.

Kila Jumatano ilianza kwa kuitwa majina. Mwitaji alikuwa kapita wa zamani, yaani msimamizi wa kikundi cha wafanyakazi kwenye tanuri. Kiwandani zamu haikuanza kabla majina hayajaitwa, naye hakuona kwa nini kustaafu kubadilishe jambo hilo. Aliyaita kutoka kichwani. Wa kwanza kufa kati yetu alikuwa mume wa mwalimu. Jumatano iliyofuata mazishi, kapita aliliita jina lake kwa mazoea. Mjane akajibu kutoka kwenye kiti chake: "Alisha kutoka kazi." Tulicheka na kulia kwa pamoja. Tangu siku hiyo jina la marehemu halikuachwa. Huitwa, na aliyekuwa akikaa karibu naye humjibia kwa maneno hayo hayo.

Sasa madirisha. Malori ya madini kutoka Kamatanda hupita karibu na darasa, na wakati wa kiangazi vumbi lake hukaa kwenye chai kama maziwa ya unga. Tulifunga madirisha. Umeme ukikatika, tuliwasha mshumaa ili ubao uonekane. Huo ndio uchawi wetu: mapafu ya watu waliovuta moshi wa tanuri hayataki vumbi zaidi.

Baada ya kifo cha mumewe mwalimu alipata mjukuu wa kiume, na mtoto akapewa jina la babu yake, kama desturi yetu ilivyo. Bibi humwita "bwana yangu", kama bibi wote wa mji huu wanavyowaita wajukuu wao. Mtoto huvimba kichwa kwa cheo hicho na kumwamuru amletee chai.

Mwaka huu mtoto alipatwa na homa kali na degedege. Alilazwa kituo cha afya, wakamtibu malaria, akapona. Lakini alipokuwa bado kitandani, mama mmoja anayesali pamoja na mkwe wa mwalimu wetu, mama wa mtoto, alipita kando ya darasa siku ya Jumatano. Nilikwenda kumtafuta. Huuza makaa sokoni, na hakujificha.

"Minye nilisikia na masikio yangu," aliniambia. "Baliita jina ya mutoto. Bibi yake akajibu asema alisha kutoka. Na muchana kweupe bako na bougie."

Nilimweleza kuhusu tanuri, kapita, marehemu, vumbi na mshumaa huo. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, bila ukali, "Na bafu, juu ya nini munabaita?" Nilimwambia kwamba tunawakumbuka wafu wetu. Akasema yeye huwakumbuka wake kimya kimya.

Hasira yangu si kwa mama huyo. Alisikia alichosikia. Hasira yangu ni kwa waliopewa habari hiyo wasitake kuuliza hata swali moja.

Habari hiyo ilifika kwa mkwe, kisha kwa pasta wa kanisa lao. Pasta alinipokea kwa adabu na kunipa kiti. Alisema hakumtaja mtu kuwa mchawi. Alionyeshwa tu katika maombi mlango uliofungwa na mwanamke mzee nyuma yake. Nikamuuliza kama alionyeshwa pia dawa ya malaria aliyopewa mtoto. Akatabasamu, akasema dawa hutibu mwili.

Mwana wa mwalimu nilimjua tangu akiwa na kaptura. Hununua mawe ya madini kwa wachimbaji na kuyauza tena. Nyumba anayoishi ilinunuliwa na baba yake wakati kampuni ilipowauzia wafanyakazi nyumba zao, na leo ni ya mama yake. Alizungumza nami mlangoni, mkono mmoja umeshika fremu.

"Baba, heshima yote kwako," alisema. "Lakini tangu mama alitoka, mutoto iko muzima. Unataka ushahidi gani ingine?"

Nilikuwa nimetoka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima, na bibi yake ndiye aliyembeba mgongoni. Bibi alifukuzwa baadaye. Nilimwambia hivyo mwanawe. Aliangalia barabarani, akasema ana safari. Alijua! Mtoto alipona bibi akiwa ndani ya nyumba ile ile, naye baba mtu alikuwepo.

Mkuu wa mtaa alisema hayo ni mambo ya familia. Parokia ilisema tuwe na subira. Mama mwalimu analala sebuleni kwa mwanachama mwenzetu, juu ya godoro la sponji linalokunjwa asubuhi ili wenyeji wapite.

Jumatano iliyofuata tulikutana tukiwa wachache. Hoja iliyowekwa mezani ilikuwa moja: tuache kuita majina ya marehemu, au tuendelee? Wanaume walisimama mmoja baada ya mwingine. Kapita alisema hawezi kuwafuta wenzake kazi kwa amri ya pasta. Mwingine akasema kuacha ni kukiri. Mwingine akazungumzia heshima ya mfanyakazi, akapigiwa makofi. Nami nilipiga. Mama alisubiri tumalize.

"Bababa, munagombania bafu," alisema. "Minye niko muzima, na siko na kitanda."



Kisha akatuambia kwamba mwanawe ametuma sharti. Arudi nyumbani, lakini kwanza asimame kanisani Jumapili, aseme mbele ya watu tunayoyafanya Jumatano, aombe msamaha. Anafikiria kukubali, alisema, na hakuona haya kulisema.

Chumba kilibadilika. Kila mmoja wetu anaishi na wajukuu, na hakuna mjukuu asiyeugua homa. Neno lake moja kanisani litaingia katika nyumba zetu zote. Dereva alikuwa ameshaacha kuja; mkwe wake alikuwa ameanza kumpakulia chakula kando. Kapita alimwambia mwalimu kwa sauti ya chini, "Mama, ukisema vile, unatuchoma wote."

"Bwana yangu anauliza niko wapi," alijibu. "Kila mangaribi analeta kiti yangu ku mulango. Uniambie weye, kapita, nimujibu nini?"



Nilitaka kumwambia akatae. Nilikuwa na maneno tayari, kuhusu ukweli na kuhusu sisi. Lakini ufunguo wa nyumba yangu ulikuwa mfukoni mwangu, na niliona jinsi ilivyo rahisi kumtaka mtu mwingine awe jasiri kwenye godoro la kukunja. Hasira ikanigeukia mimi, kisha ikarudi ilikostahili: kwa mwana anayejua ukweli na kungoja mama yake aukane.

Leo ni Jumamosi. Nimempitia mwalimu asubuhi. Alikuwa amefua gauni lake la kitenge na kulianika kwenye kamba ya jirani, akakaa karibu nalo kulilinda na vumbi. Nimemuuliza kama atakwenda kanisani kesho. Atakwenda. Nimemuuliza atasema nini. Amelishika gauni pindoni kuona kama limekauka, akasema bado.