Kibodi Iliyofuta Amri Yangu

Mikono yangu ilikuwa hewani, na bado kompyuta ilikuwa inaandika.

Tena haikuanza kwa kuandika. Ilianza kwa kufuta. Amri niliyokuwa nimeimaliza ikaliwa herufi moja moja kutoka nyuma, mpaka mstari ukabaki mtupu. Halafu yakatokea maneno:

"Binti, hiyo siyo diski yenyewe."

Jamani, nilisukuma kiti hadi kikagonga ukuta.

Ngoja niwaeleze. Mimi ni msimamizi wa seva za chuo kimoja, yaani kompyuta zinazotunza kumbukumbu zake, zote zinatumia mfumo wa Linux. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na mkuu wangu alishanionya huku anacheka: "Matokeo ya wanafunzi yakipotea, dada, na wewe unapotea."

Asubuhi ile kazi ilikuwa ndogo. Seva ina diski mbili: ya zamani, ambayo nilitakiwa kuifuta, na mpya, iliyobeba matokeo. Jana yake nilishaangalia ipi ni ipi. Nikaizima seva, nikaiwasha, nikaandika amri ya kufuta kwa mbwembwe zote. Kilichobaki ni kubonyeza tu.

"Wewe nani?" nikaandika.

"Aliyezilea hizo mashine kabla yako. Umeiwasha upya, sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi majina ya diski yamebadilishana, hiyo ndiyo tabia yake. Angalia ukubwa. Mimi sina haraka kama wewe."

Nikaangalia.

Nilikuwa nakaribia kufuta matokeo ya chuo kizima.

Kumbe dirisha nililokuwa nafanyia kazi lilikuwa la pamoja. Mmoja wa walionitangulia alilitengeneza hivyo: mwenye akaunti akiingia, anaona unachoandika na anaweza kuandika humo humo. Na akaunti yake haikuwahi kufungwa.

Nikamfuata mkuu, nikamsimulia yote.

"Ah, yule? Alistaafu. Tulimwachia akaunti kwa ajili ya dharura."

"Namfungia."

"Mtu kakuokoa leo, leo hii unamfungia? Una roho ngumu wewe!"

"Kwanza namshukuru."

Na kweli. Niliandika, "Asante sana, shikamoo, na kwaheri." Nikafunga.

Jumamosi mchumba wangu akanipeleka kwao kwa mara ya kwanza. Kuhusu mama yake alishaniambia kitu kimoja tu: "Alikuwa anafanya kazi ofisini." Wanaume! Muulize habari za mpira, atakutajia mpaka saizi ya viatu vya golikipa.

Mama akafungua mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Juzi uliniamkia hivyo hivyo, halafu ukanifungia nje."

Mchumba akatutazama kwa zamu. "Kwani mnajuana?"

"Wenzangu wakitaka kumjua mkwe wanamchungulia jikoni," mama akamjibu mwanawe, akinivuta ndani. "Mimi uliponiambia anafanya kazi pale kwetu, nikaenda kumchungulia kazini. Nikamkuta anataka kuunguza nyumba."

"Mama, nisamehe kwa kukufungia..."

"Nikusamehe nini? Ungeniacha, ndipo ningekutilia shaka. Wote waliokuja baada yangu niliwaambia wanifungie, wakanionea haya. Ati mzee wetu. Mashine haina mzee wetu! Ni wewe tu uliyethubutu."

Basi hapo kichwa kikaanza kuvimba. Nikamtazama mchumba kwa jicho la 'umesikia?'

"Ila umefunga akaunti moja," mama akaendelea, akinimiminia chai taratibu. "Ninazo mbili."

Chai ile niliinywa imepoa. Nilikuwa nimeazima kompyuta ya mwanawe, nimeinama pale pale sebuleni, natafuta ya pili, na mama mkwe amekaa pembeni ananicheka.

Ndugu zangu, ukikabidhiwa mashine, usifunge jina unalolijua ukadhani umemaliza kazi. Kagua kila anayeweza kuingia, hata kama ni mama mkwe.

Hasa kama ni mama mkwe.