Bibi Harusi Hana Haraka

Baba yangu alikuwa na gari kuukuu la kabla ya vita, na alikuwa na tabia ya kulitengeneza huku anasema. Hakuwa akisema na mtu. Aliinama chini ya boneti mbele ya nyumba yetu ya mtaa wa Malindi, karibu na dirisha la jikoni, na kila alichokishika alikitaja, akaeleza kinafanya kazi gani na kwa nini leo hakitaki kuifanya. Mimi nilikuwa ndani, nakuna nazi. Kwa njia hiyo, bila ya kukusudia na bila ya kuchafua vidole, nikayajua mambo ya injini kuliko ilivyomfaa msichana wa mjini kuyajua. Kabureta nililielewa kabla pilau langu halijaweza kuliwa na wageni.

Nitakueleza nawe, na usiogope, si jambo gumu. Petroli hukaa kwenye tangi, nyuma ya gari. Pampu huivuta mpaka mbele, ikaingia katika bakuli dogo la kabureta. Ndani ya bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuziba mlango. Ikipungua, boya hushuka na mlango ukafunguka. Kutoka bakulini petroli hupita katika kitundu chembamba, ikachanganyika na hewa, ikaenda kuwaka. Basi gari likikohoa na kuzimika njiani, ama petroli haifiki, ama hewa imeharibu mchanganyiko, ama cheche hakuna. Mengine yote ni wanaume kubishana.

Niliolewa katika miaka ya hamsini, na mtu wa kisiwa cha Tumbatu aliyekuwa akifanya kazi ya mitambo melini. Fungate tulikaa kwetu mjini, kama ilivyo ada. Ilipokwisha, mume wangu alitangulia kwao siku mbili kabla yangu ili aweke nyumba sawa, na mimi nikawa wa kupelekwa kwa mama mkwe. Baba miguu ilikuwa ikimsumbua, kwa hiyo gari aliendesha ami yangu, mdogo wake. Pembeni mwa ami alikaa mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye hakuwa na gari lakini hakuwahi kukosa rai juu ya gari la mtu mwingine. Nyuma tulikaa mimi na somo yangu.

Somo, kwa asiyejua, ni mwanamke anayemfunda mwari mambo ya unyumba, akamwosha, akamsinga kwa singo la manukato, akamfukiza, akamtoa harusini. Watu hawamhukumu kwa maneno yake, humhukumu kwa bibi harusi wake. Na kitu cha kwanza wanachokihukumu ni harufu. Somo yangu alikuwa na jina zuri sana katika jambo hilo. Nilikuwa nimesingwa mpaka ngozi ikachoka. Buibui langu lilikuwa limefukizwa udi hata nikitikisika tu watu wanageuka. Jambo moja tu lilikuwa likimkosesha raha: ya kwamba nitapanda gari, na gari linanuka petroli.

Asubuhi ya safari nilimwona anakanda donge la nta ya nyuki mkononi. Sikuuliza. Somo wakati wote alikuwa anakanda kitu.

Tuliondoka baada ya sala ya adhuhuri. Ilikuwa siku ya bamvua. Maji yangejaa pomoni Mkokotoni wakati wa alasiri, kisha yangetoka kwa haraka, na mashua inayonisubiri ingekaa juu ya matope mpaka usiku. Na bibi harusi havushwi usiku. Lakini muda ulikuwa mkubwa na hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Tulipokwisha kuipita Bububu gari likakohoa, likajivuta kidogo, likazimika.

Ami akasema limepata joto. Akafungua boneti, akatafuta maji kwenye nyumba ya jirani, akatia kwenye rejeta, tukangoja. Alipozungusha hendeli gari likawaka mara moja. Ami akapanda kwa utulivu wa mtu aliyeona mbali. Mjomba akasema kimya kimya, lakini kwa namna ambayo sote tulisikia, kwamba halikuwa joto.

Kwenye mlima wa kuelekea Kidichi likazimika tena. Zamu hii mjomba alishuka wa kwanza. Alisema ni uchafu kwenye kabureta, kitundu kimeziba. Akakifungua, akakipuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakamvimba, akakirudisha. Gari likawaka. Mjomba akapanda anafuta midomo kwa leso, na mpaka Mahonda akawa anamweleza ami habari ya vitundu.

Mbele kidogo ya Mahonda, mara ya tatu. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama akasema kuwa petroli inachemka ndani ya bomba kwa jua hili, wafunge bomba kwa kitambaa cha maji. Wakafunga. Gari likawaka. Sasa kulikuwa na wanavyuoni watatu, na kila mmoja alikuwa na ushahidi.

Ushahidi wao ulikuwa wa kweli. Kila mmoja alifanya alilolifanya, na gari likawaka. Ila mimi niliyekaa kimya nyuma, na buibui limenifunika mpaka machoni, sikuwa na la kufanya isipokuwa kusikiliza. Na kila gari lilipozimika, na wanaume kabla hawajaanza kusema, nilisikia sauti ndogo karibu na bega langu, upande wa nje. Ilikuwa kama mtu anavuta hewa baina ya meno. Fyuu, nyembamba, kisha inakwisha.

Upande huo ndio uliokuwa na mdomo wa tangi. Nikatoa kichwa kidogo dirishani. Kifuniko kilikuwa kimezungushiwa kitambaa cheupe, na juu yake limefungwa fungu zuri la asumini. Wanaume walikwisha kuliona tangu mjini wakadhani ni pambo la harusi, na mwanamume mwenye adabu hagusi pambo la bibi harusi. Pembeni mwa kitambaa nikaiona nta.

Hapa nikueleze tena. Chukua kopo la maziwa, ulitoboe tundu moja tu, ulipindue. Yatatoka matone machache, kisha yatasita, mpaka utoboe tundu la pili hewa iingie. Tangi nalo ni hivyo hivyo. Kifuniko chake kina kitundu cha kuvuta pumzi. Ukikiziba, pampu itavuta, itavuta, mwisho petroli itagoma kutoka. Gari litazimika. Ukingoja, hewa itajipenyeza pole pole kwenye nta, na gari litawaka, na sifa ataipata yeyote aliyekuwa ameshika spana wakati huo.

Mara ya nne lilizimika tukiwa na mwendo mfupi tu kufika. Jua lilikuwa limekwisha kulala upande. Mjomba akaeneza vipande vya kabureta juu ya jani la mgomba, ami akamsimamia.

"Shemegi," ami akauliza, "hicho kidude kilikuwa juu au chini?"

"Kilikuwa pahala pake."

Nikamwinamia somo. "Ile nta ya asubuhi umeiweka wapi?"

"Ya nini wewe nta?"

"Umeziba kifuniko cha petroli."

Akatazama mbele. "Nimekiziba vizuri," akanong'ona. "Tangu mjini umesikia hata chembe ya harufu?"

Nikamweleza habari ya kopo la maziwa. Alielewa upesi, maana alikuwa mwanamke mwenye akili, na pia ndiye aliyetoboa makopo yote ya maziwa ya harusi yangu. Nikamwomba awaambie wanaume.

"Nimwambie nani? Nikisema ni mimi nimekiziba, yataniandama mpaka kaburini. Nikisema umesema wewe, wataambiana bibi harusi kashughulika mwenyewe na gari apate kufika kwa mumewe." Akanitengeneza ushungi. "Bibi harusi hana haraka, mwanangu. Nshakufunda hayo."

Ni kweli alinifunda. Bibi harusi hali sana, hacheki, hajibu mpaka aulizwe mara ya pili, na akipelekwa kwa mumewe huenda kama mtu anayepelekwa kwa nguvu, hata kama moyoni keshafika. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nikanyamaza.

Nje, ami alilitazama jua. Nilimsikia akimwambia mjomba kwa sauti ya chini kwamba maji yameanza kutoka sasa hivi, na hata likiwaka, likizimika mara nyingine tena basi tena. "Bora tumrudishe nyumbani," akasema. "Tutamleta siku nyingine."

Tumrudishe. Ami hakukusudia ubaya, alikuwa anahesabu maji tu. Lakini mimi nililijua neno lile litakavyotembea mjini. Litapita Malindi, litaingia Mkunazini, litafika Kikwajuni kabla ya gari lenyewe kupoa: kapelekwa kwa mumewe, karudishwa siku ile ile. Habari ya kabureta ingebaki hapa njiani kwenye jani la mgomba. Neno lingefika. Nilikwisha kumjua mwanamke aliyerudishwa, kwa sababu isiyokuwa na maana yoyote, na wajukuu zake bado walikuwa wakiulizwa.

Nikamshika somo kifundo cha mkono, jambo ambalo mwari hamfanyii somo wake.

"Somo, nikirudi leo watasema nimerudishwa. Hakuna atakayeuliza gari lilikuwa na nini. Watauliza somo wake nani."

Somo akafungua mlango, akashuka, akawaambia wanaume wageuke, anataka kutengeneza maua ya bibi harusi. Ami na mjomba wakageuka wakatazama mashamba ya watu, mjomba bado na bisibisi mkononi. Nilimwona somo akifungua kitambaa, akaibandua nta kwa kucha, kipande kwa kipande, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemvua maiti pete. Kilipotoka kipande cha mwisho tangi likavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezuka kutoka chini ya maji. Somo akashtuka, akasema, "Astaghfirullah," akayarudisha maua, akapanda.

Mjomba akakaza skurubu yake ya mwisho. Ami akazungusha hendeli. Gari likawaka, na halikuzimika tena siku ile, wala siku iliyofuata.

"Si nilikwambia ni kitundu?" mjomba akasema. Alikosea kitundu tu. Kwa miaka mingi baadaye, kila gari lililozimika Malindi yote, mjomba aliitwa akaja kulipuliza. Mengine yaliwaka. Mimi sikuwahi kumwambia, na nadhani hata ningemwambia asingenisikia kwa ajili ya sifa.

Lakini sasa harufu ilikuwa huru. Njia ilikuwa ya mawe, tangi lilikuwa limejaa, na kila tuliporuka petroli kidogo ilitoka kitunduni mwa kifuniko na upepo ukaniletea dirishani. Somo alinishikia asumini puani, akanipepea kwa upindo wa kanga, akaninyunyizia marashi mpaka chupa ikaisha. Ilikuwa kama kuzima nyumba inayoungua kwa kikombe cha kahawa. Tulipofika Mkokotoni nilikuwa ninanukia udi, asumini, marashi, na gari.

Maji yalikuwa yamekwisha kutoka mbali, lakini mashua ilikuwa bado inaelea, na mabaharia wamesimama wameishikilia huku wametukasirikia. Nikainua buibui, nikatembea majini mpaka magotini, pole pole, kama nilivyofundwa. Kila hatua nilitamani kukimbia.

Mama mkwe wangu alitungoja Tumbatu, pwani, yeye na wanawake wa mtaa wao. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya bibi harusi, yaani haikusikika. Akaitikia marahaba, akanivuta kunikumbatia, akaniweka puani kama tunavyofanya, kisha akabaki hapo muda mrefu kuliko kawaida. Somo yangu, nyuma yangu, alianza kueleza: gari, njia, jua, bi mkubwa utusamehe, mtoto huyu nilimtoa nyumbani akinukia mpaka jirani.

Mama mkwe alimwachia amalize. Kisha akasema, kwa Kitumbatu chake, nami nayaandika kwa maneno ya mjini:

"Wacha, somo. Mwanangu hunuka hivi mwaka mzima. Juzi alipokuja na singo lako mwilini ndipo nilipomkataa, nikadhani mgeni."

Wanawake wakacheka. Somo hakucheka. Mimi bibi harusi, nisiyekuwa na ruhusa ya kucheka, niliinamisha kichwa ndani ya buibui, na waliokuwa karibu yangu wakaambiana kwamba maskini mtoto wa watu, analia kwa kuwakumbuka wazee wake.