Mechi ya Kwanza ya Kirrily Dunstan

Kirrily Dunstan alikuwa na miaka thelathini na mitatu, magoti mawili yaliyopasuliwa na kushonwa, na hajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Msimu wa nne huo anafanya mazoezi na timu, na kila wikiendi anakaa jukwaani na nguo zake za kawaida akiwapigia wenzake makofi. Mkataba ulikuwa unakwisha na msimu, zimebaki mechi mbili. Kama si sasa, basi tena.

Wala si mtu aliyeujua mpira juzi. Kule kwetu Yarrimbool, kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, alianza kuupiga ule mpira wa Kiaustralia wa umbo la yai kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Baba yake, Merv, alikuwa kocha wa watoto, na Kirrily alicheza katikati ya wavulana, akiwarukia mabegani kudaka mpira, na si mmoja wala wawili waliorudi kwao wanalia. Alipotimiza miaka kumi na minne, sheria ikasema wasichana wa umri huo hawachezi tena na wavulana. Timu ya wasichana haikuwepo, na hatukuona haja ya kuianzisha. Aibu yetu hiyo. Merv ndiye aliyebebeshwa mzigo wa kumwambia. Alimwambia ndani ya pikapu, macho yake barabarani.

"Mpira wako umeishia hapa, Kiri. Netiboli ipo."

Halafu akawasha redio. Hawakuligusa tena jambo hilo, miaka nenda miaka rudi.

Netiboli aliicheza kwa adabu, jinsi mtu anavyokula chakula cha hospitali. Alipokwenda Melbourne kujifunza ufundi umeme akakuta wanawake wanacheza Jumapili kwenye viwanja ambavyo wanaume hawavitaki, wanabadilishia nguo ndani ya magari. Siku ile alilia, nakwambia, kwa furaha tupu. Alicheza huko miaka kumi bila kulipwa senti. Ligi ya kulipwa ya wanawake ilipoanza akasajiliwa, na wiki ya pili ya mazoezi goti la kulia likakatika kano. Lilipopona, likafuata la kushoto. Mwingine angerudi kwenye nyaya zake akatulia, lakini huyu ni kichwa kigumu, kamrithi babake.

Sasa, mchezaji anayeingia mechi ya kwanza hapewi jezi na kocha. Hukabidhiwa na mtu wa kwao, kwenye kikao cha timu cha Alhamisi jioni, na mtu huyo lazima aseme neno. Yote hupangwa kwa siri, mchezaji mwenyewe asijue mpaka mlango ufunguliwe. Jumatano ile kocha alimpigia simu Merv. Merv akaitika "sawa" mara tatu, akakata simu, akakaa chini palepale bandani.

Siri aliitunza vizuri. Alichosahau ni kitu kimoja. Tangu mkewe afariki, Kirrily humpigia kila Alhamisi saa kumi na nusu, kwenye simu ya banda la kukamulia, maana saa hiyo Merv hana pengine pa kuwa. Miaka arobaini hajakosa kukamua jioni. Hata siku ya kumzika mkewe alikamua, na suti yake ya msiba ndani ya ovaroli.

Alhamisi ile Kirrily alipiga akiwa klabuni, na simu ikapokewa na Des Hallinan, jirani wa Merv.

"Baba yuko wapi, Des?"

"Ametoka kidogo."

"Saa hizi? Ng'ombe anakamua nani?"

"Mimi."

"Des, niambie ukweli."

Des, maskini, uongo hajauzoea. "Amejilaza kidogo," akasema. "Yaani, si vibaya sana."

Kirrily akakata simu. Akakusanya funguo na begi. Tahlia, mchezaji mwenzake wa miaka kumi na tisa anayekaa jirani naye kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akamshika mkono.

"Unakwenda wapi? Kikao kinaanza. Ukikosa bila ruhusa hupangwi, unajua sheria."

"Nimeshazoea kutopangwa. Baba ninaye mmoja tu."

Akatoka mbio, magoti yakimlalamikia, huku akimwomba Mungu ambaye hakuzoea kumsumbua. Kwenye lango la maegesho akakuta pikapu imeziba njia. Aliinua mkono apige kioo amtukane dereva. Dereva alikuwa Merv, nywele zimelowanishwa na kuchanwa, anasoma kikaratasi huku midomo ikicheza.

"Wewe si umejilaza?"

"Nani kasema?"

"Des."

"Des mpumbavu," Merv akasema, na kukificha kikaratasi chini ya paja.

Kirrily alikuwa bado anahema. Alimtazama babake usoni, akatazama shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, akatazama viatu visivyo na hata chembe ya kinyesi cha ng'ombe.

"Baba. Kwa nini umevaa hivyo?"

"Sitakiwi kukuambia."

Hapo ndipo alipoelewa. Akaegemea mlango wa pikapu na kulia, na Merv akawa anampigapiga begani kupitia dirishani, kwa mkono mzito, hajui alitendalo.

Walifika kikaoni wamechelewa, macho mekundu wote wawili, na hakuna aliyeuliza. Merv akapewa jezi namba ishirini na saba. Akafungua kikaratasi mbele ya wanawake thelathini.

"Mimi ndiye niliyemwambia mpira wake umekwisha," akasoma. "Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikuwa bora kuliko watoto wote niliowahi kuwafundisha. Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kuwaanzishia wasichana timu. Nikawasha redio. Kila siku naiona sura yake ya siku ile. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe."

Akanyoosha jezi, lakini vidole vikakataa kuiachia, ikabidi Kirrily aivute.

"Nipe, baba," akamwambia taratibu. "Nina mechi."