Jogoo wa Noeli niliyemchinja mwenyewe

Nina miaka sabini na mbili. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Kabambare mpaka vita vilipotutoa, mimi na mke wangu, tukaja Kasongo kwa miguu. Ukurasa huu umeniahidi kuficha jina langu, ndiyo maana naandika. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mnitukane.

Tulipofika hapa, aliyetufungulia mlango alikuwa mama mmoja Mwislamu, mjane. Nitamwita Bibi. Alitupa chumba nyuma ya nyumba yake, tukadhani ni cha wiki mbili. Huu ni mwaka wa ishirini na tatu. Mkubwa wa nyumba ni mwanawe, nitamwita Baba Salima.

Ukutani kwangu kuna kalenda ambayo naiandika upya kila mwaka kwa mkono. Mna Noeli na Pasaka yetu, Idi mbili na Maulidi yao, halafu sikukuu nilizozisoma vitabuni: mwaka mpya wa Wachina, siku ya taa ya Wahindi, Pasaka ya Wayahudi. Bibi alipenda nimsomee. Alikuwa akicheka, "Mwalimu, leo kwa Wahindi wanapika nini?"

Na tulikuwa na desturi. Siku ya Idi sahani ilitoka kwao kuja kwetu. Siku ya Noeli ilitoka kwetu kwenda kwao, ila jogoo alichinjwa na Baba Salima, kwa kisu chake, ili nao wale bila wasiwasi. Hatukuruka hata mwaka mmoja.

Idi ya mwaka jana nilikwenda kumpa Baba Salima mkono wa sikukuu. Wageni walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Akanitazama, kisha akawageukia.

"Munamuona huyu? Iko na kalenda ya sikukuu za dunia yote. Ya Wachina anajua, ya Wahindi anajua. Mumuulize ya kwao iko wapi!"

Wakacheka. Mmoja akadakia, "Mutu hana kwao, anafanya sikukuu ya nani?"

"Mumupatie mifupa," akasema Baba Salima. "Akafanye nayo ya Wachina."

Nikaletewa sahani. Ilikuwa mifupa kweli, iliyokwisha kugugunwa. Nikasema asante. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilisema asante. Bibi alikuwa ndani, hakusikia.

Noeli ilipofika, Baba Salima alikuja asubuhi na kisu chake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia, "Usijisumbue, ndugu. Jogoo nimempitisha sokoni, amechinjwa na Mwislamu mwenzako."

Uongo. Nilimchinja mwenyewe nyuma ya jiko. Nilimgeuza kichwa upande wa mto Lualaba, si upande wanaoelekea wakisali, na nikafunga mdomo nisitaje jina la Mungu. Nimeishi nao muda wa kutosha kujua kila jambo linalotakiwa, na niliyaacha yote kwa makusudi, moja baada ya jingine. Mke wangu alipika bila kujua.

Nilitaka Baba Salima ale. Akala, akalamba vidole, nami nikafurahia kila tonge. Kisha nikamwona anachambua paja vipande vidogo vidogo, anampelekea mama yake chumbani, maana Bibi hakuwa na meno. Neno moja tu lingetosha kumzuia. Sikulisema. Baadaye sauti ya Bibi ikanifikia kutoka ndani: "Mwalimu, Mungu akuongezee! Ya mwaka huu iko tamu kupita zote."

Alifariki kabla ya Bonane, mwaka mpya wetu. Hakuona sikukuu nyingine.

Nimesoma, najua: aliyekula bila kujua hana kosa, kosa ni langu. Lakini huyo ndiye aliyetupikia uji siku tuliyofika miguu imevimba, na hakuwa amenikosea chochote.

Tangu msiba, Baba Salima amebadilika. Juzi alikuja akakaa kizingitini kwangu.

"Mwalimu, ile siku nilikosa. Nilikufanya mutu bure. Idi hii nitakuomba samahani mbele ya wale wale, tukule sahani moja. Mama alikuwa anasema, huyu muzee hajatudanganya hata siku moja." Akainuka kuondoka. "Na Noeli nitakuchinjia mimi. Ya mwaka jana uliniruka."

Nikimwambia, tutatoka katika chumba hiki, na mke wangu kwa magoti aliyonayo hafiki hata barabara kuu. Naye atabaki akijua kwamba nyama ile aliipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Nikinyamaza, nitakaa kwenye mkeka ule ule, na mtu atainama kuniomba msamaha mimi.

Tena niwaambie yote. Nikiwaza kumwambia, si toba tupu inayonisukuma. Kuna upande wangu ambao bado unataka kuona uso wake atakaposikia.

Kwenye kalenda yangu zimebaki siku tisa kufika Idi. Ninyi mnaonisoma, na hasa ninyi Waislamu, nielekezeni: niseme, au nikae nile?