Ngamia Niliyemchinja Mapema

Mwaka wa 2018 nilikuwa na miaka hamsini na tisa, au sitini, maana nilizaliwa malishoni na hakuna aliyeandika. Shule niliachia darasa la pili. Lakini nilikuwa nanunua ngamia Eldas na kuuza Garissa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuzia mnyama mgonjwa.

Ilianza na tumbo. Chini ya mbavu za kushoto palivimba, nikila vipande viwili vya nyama nimeshiba. Shuka linalowa jasho. Nikakonda mpaka kikoi kikawa kinaanguka. Daktari wa Garissa akapabonyeza pale. "Mzee, hii ni wengu. Nenda Nairobi upesi."

Huko wakanitoboa mfupa wa nyonga. Saratani ya damu.

Nikapewa vidonge vya kila siku. Macho yalivimba, misuli ya miguu ikakaza, nikaharisha. Baada ya mwaka tumbo likanywea, na daktari wa Nairobi akasema damu kwenye hadubini ni safi. Sikungoja amalize. Nilirudi Garissa nikachinja ngamia, nikaita majirani na masheikh, nikatangaza nimepona. Kwetu ukishachinja shukrani mbele ya watu, jambo limefungwa. Vidonge nikaacha.

Daktari akapiga simu.

"Mzee, kuna kipimo kingine. Kinatafuta mabaki ya ugonjwa ambayo hadubini haioni. Njoo utoe damu."

"Nimeshachinja."

"Umechinja nini?"

"Ngamia, daktari. Watu wamekula."

"Nyama wale wao. Damu niachie mimi."

Sikwenda. Ningewaambia nini wale waliokula?

Siku moja nilikuwa nakwaruza kwapa la ngamia aliyetibiwa upele. Mke wangu Halima akasimama pale.

"Baba Farhia, huyo si amepona?"

"Ngozi imepona. Wadudu wachache wakibaki kwenye mikunjo, kundi lote litaumwa."

Akacheka. "Ngamia unamkwaruza kwapa. Wewe ukitakiwa kukwaruzwa unakimbia."

Wallahi nilikasirika. Kesho yake nikapanda basi.

Kipimo kiliyakuta mabaki, tena mengi, na mimi nabeba gunia kama kijana! Daktari hakunibembeleza. "Ungengoja tumbo livimbe tena, pengine dawa isingeyaweza."

Nikarudia vidonge, natoa damu kila miezi mitatu. Yakapungua kidogo, yakagoma. Akabadilisha dawa, yakashuka. Mwaka jana kipimo hakikuona kitu.

"Sasa nimepona?"

"Sasa tunaendelea kuangalia, mzee."

Alhamdulillahi. Namshukuru daktari, namshukuru Halima na ule mdomo wake. Wewe unayeumwa, usiache dawa kwa sababu una nguvu. Nguvu nilikuwa nazo na ugonjwa nilikuwa nao. Muulize daktari wako mabaki yamepimwa lini, na tarehe ya kipimo ikifika, nenda, hata kama ulishatangaza umepona. Mimi niliwarudia wale waliokula nikawaambia nilikosea. Hakuna aliyerudisha nyama.

Leo nina ngamia ishirini na wawili, mbuzi, nyumba ya mawe Garissa, mke, watoto sita, chupa ya vidonge kando ya chupa ya chai, na karatasi ya kutoa damu mwezi ujao. Nina pia dume moja nono, nundu imejaa. Majirani wanalitolea macho, wananiuliza lini.

Hilo silichinji.